Kwako Fundi Lifti, Uliyetuachia Tela Bila Maelezo

Mwaka mzima umetimia wiki hii, mzee wangu, tangu alasiri ile ulipovua viatu mlangoni, ukavipanga sambamba kama kawaida yako, ukasema unajilaza kidogo. Chai yako niliifunika kwa kisahani. Ikapoa ikiwa imefunikwa vile vile.

Watu wakiandika kumbukumbu husema marehemu ameacha pengo. Na sisi tungesema hivyo, ila wewe umetuachia pengo na umetuachia tela. Pengo liko mezani, kwenye kiti chako. Tela liko uani, limeziba njia ya geti, na mwaka mzima kila anayeingia kwetu anaingia ubavu ubavu. Aliyekuja kusoma mita ya maji aliniuliza, "Bibi, hii nyumba ndogo yenye magurudumu ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mwenyewe. "Na mwenyewe yuko wapi?" Nikaenda kumletea maji ya kunywa.

Leo nataka kukwambia mbele za watu mambo mawili: kwamba tunakupenda, na kwamba umenichosha.

Nianze na wema wako, maana nikianza na hasira sitamaliza. Miaka arobaini ulikuwa fundi lifti. Ulikuwa ukiingia ndani ya mashimo yale marefu ya majengo na tochi kichwani, unarudi nyumbani unanuka grisi, na jambo la kwanza ulilosimulia mezani halikuwa mota wala kamba. Ulisimulia watu. Siku ya mazishi yako alikuja mama mmoja tusiyemjua. Alisema zamani alikwama kwenye lifti na mtoto mchanga, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa mbili nzima. Wewe ulimwacha mwenzako ashughulike na mota, ukakaa chini sakafuni nje ya mlango, ukaongea naye kupitia upenyo. Ulimuuliza amepanga kupika nini jioni. Akasema viazi. Ukamuuliza anavikata vipi. Mkabishana kuhusu viazi mpaka mlango ukafunguka. "Uso wake sikuuangalia vizuri siku ile," akasema yule mama, "lakini sauti yake naijua mpaka leo." Kisha akakaa na mimi jikoni akaosha vikombe vyote vya wageni, na hakutaka kuambiwa asante.

Huyo ndiye wewe. Kumwambia mgeni maneno ya saa mbili ulikuwa unaweza. Mimi mkeo ulikuwa unaniambia maneno mawili: "Tazama tena."

Ulipostaafu ukanunua tela lililokwisha tumika, lenye vitanda viwili vyembamba, jiko la gesi nyuma, na mlango unaofungwa kwa ndoano. Juu yake ukafunga ule mtumbwi wa plastiki wa watu wawili, kayaki ya rangi ya chungwa. Nilikuuliza kama umerukwa na akili. Ukasema, "Nimeangalia kuta miaka arobaini, mama watoto. Sasa nataka kuangalia kitu ambacho na chenyewe kinaniangalia." Nikashona mapazia.

Miaka kumi na minne tulizunguka na tela hilo. Tukifika mahali, watu wengine walikuwa wanateremka, wanakoka moto, wanakula. Sisi tulikuwa tunasubiri pimamaji iseme tela limekaa sawa. Uliiweka sakafuni, ukalala kifudifudi kukiangalia kile kipovu chake, ukatoka, ukainua jeki kidogo, ukarudi, ukalala tena. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Kambini kule mtoni, tulikorudi kila mwaka, wakakupa jina, Mzee Pimamaji. Na alfajiri ulikuwa unaingia mtoni peke yako kuwatafuta fisi maji wako, wale wanyama wenye mwili laini kama soksi iliyolowa, wanaomshika samaki kwa mikono miwili kama mtu anayekula hindi. Mimi nilikuchemshia chai ya kwenda nayo, nikabaki. Ukirudi nilikuuliza, "Umewaona?" Ukajibu, "Leo mto ulikuwa mzuri sana." Uso unang'aa. Nikajua umewaona.

Sasa tuje kwenye sanduku.

Unalijua sanduku ninalosema. Lile la mbao lenye pembe za chuma, la sufuria zangu, sahani, birika la akiba na kinu cha chuma. Ulichora mstari mwekundu kwenye sakafu ya tela, mbele kabisa, karibu na kitanda, ukalifunga hapo kwa mkanda. Jiko liko nyuma. Kwa miaka kumi na minne, kila nilipotaka mwiko nilikuwa natembea urefu wa tela zima, napita juu ya miguu yako, nainama, nafungua, narudi. Nimesahau kifuniko, naenda tena. Nilikwambia kwa upole na nilikwambia kwa ukali: "Ni mwanamke gani duniani anayeweka sufuria chumbani na jiko liko kwingine?" Ukasema nitazame tena. Nikatazama tena. Nikaona sanduku.

Ulipoondoka, ukaniachia daftari lako la wanyama juu ya kabati. Mstari wa mwisho uliuandika wiki tatu kabla: "Mama fisi maji anabeba majani shimoni, penye mti ulioanguka. Atazaa. Turudi tuwaone watoto. Safari hii na mke wangu, akae mbele."

Mzee wangu, hukuniambia. Niliusoma ukiwa umeshazikwa siku tisa.

Basi ikawa hivi. Bintiyo mfamasia, unamjua, hapendi kitu kisicho na kazi kikae nyumbani. Mwezi uliopita alikuja Jumapili, akanikuta napangusa madirisha ya tela. Akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Mama, kila siku unalipangusa hili. Juzi umeteleza kwenye kile kingazi."

"Sikuteleza. Nilikaa kwa haraka."

"Mama! Una miaka sabini na miwili. Nimepata mtu wa kulinunua. Atakuja kulichukua Jumatatu ile nyingine."

"Siuzi kabla sijawaona watoto."

"Watoto gani tena?"

Nikampa daftari. Akasoma, akageuza uso kidogo kuelekea ukutani. Halafu akajikohoza kama anavyofanya dukani kwake mtu akiuliza dawa asiyotakiwa kupewa. "Sawa. Mdogo wangu akupeleke. Lakini tuelewane, Mama: ukishawaona, tunauza."

"Nikishawaona," nikasema, "uza."

Sikutaka kuuza. Nataka ulijue hilo. Lakini mtoto alikuwa amekonda kwa ajili yangu, na ni kweli niliteleza.

Mwanao kinyozi akafunga saluni siku nne. Akaja na mashine yake ya kunyolea mfukoni, sijui alitaka kumnyoa nani kule mtoni. Ilimchukua asubuhi nzima kuliunganisha tela na gari, kwa sababu wewe hukumwandikia mtu hata karatasi moja: waya upi unaingia wapi, ndoano ipi inafungwa kwanza. Akakata mikono, akakuita majina. Nikamwambia asimseme vibaya baba yake, kisha nikakusema mimi.

Halafu nikafanya jambo nililolitamani miaka kumi na minne. Nilimwambia mwanao na jirani yetu fundi cherehani, "Hili sanduku lihamisheni. Liwekeni nyuma, karibu na jiko, mahali pa akili." Wakalibeba wakihema. Madumu ya maji nayo tukayaweka nyuma, na kayaki tukaifunga kwa nyuma badala ya juu, kwa sababu mwanao hakujua mafundo yako. Nikasimama nikaangalia. Jiko hapa, sufuria hapa. Nikasema moyoni, umeona sasa, mzee?

Tulipita kituo cha pili cha mafuta, barabara ikaanza kuteremka. Nilihisi gari linavutwa matako. Nikatazama kioo cha pembeni, nikaliona tela linakwenda kushoto peke yake. Halafu kulia. Halafu kushoto zaidi, kama mkia wa mbwa aliyefurahi.

"Mama, shika!" akasema mwanao. Alitoa mguu kwenye mafuta, hakugusa breki, na namshukuru Mungu kwa hilo. Usukani ulikuwa unatetemeka, na mikono yake unaijua, mikono ya kushika wembe, haitetemeki ovyo. Nyuma yetu kulikuwa na lori la saruji. Nilidhani litatupanda. Dereva wake akawasha taa zote za tahadhari, akapunguza mwendo, akaliweka lori katikati ya barabara ili wengine wasitupite. Alitufunika hivyo hivyo mpaka tukasimama pembeni, gurudumu moja kwenye nyasi.

Akateremka, mtu mnene, mwenye kofia ya sufu. Kwanza alinitazama mimi. "Bibi, uko mzima? Kaa hapa kivulini mwa lori. Usiongee kwanza." Akanipa chupa yake ya maji. Kisha akaenda kwenye tela, akashika pua yake, pale panapoungana na gari, akaisukuma juu kwa mkono mmoja. Ikainuka.

"Kaka," akamwambia mwanao, "huu ni mkokoteni wa makaratasi? Pua haina uzito kabisa. Mzigo wote mmeutia nyuma. Tela likiwa zito nyuma, lenyewe ndilo linaloliendesha gari."

Akaingia ndani. Nikamsikia anatembea. Akatoa kichwa dirishani, mapazia yangu yamemkaa mabegani. "Huku mbele kuna mstari mwekundu. Hapa palikuwa na nini?"

Mwanao akanitazama.

"Sufuria zangu," nikasema.

"Basi aliyechora huu mstari alikuwa anajua anachofanya, Bibi. Rudisheni hizo sufuria."

Walilirudisha wao wawili, na madumu, na kayaki ikapandishwa juu, yule dereva akafunga mafundo. Hakutaka hata soda. Alisema mama yake naye ana sufuria nzito. Nikabaki nimekaa kwenye nyasi, na sitakuficha, si kwa woga tu. Nilikuwa nimekasirika kuliko siku yoyote ya maisha yetu. Niliongea na wewe kwa sauti barabarani, magari yanapita. Miaka kumi na minne! Sentensi moja tu ilitosha. "Mke wangu, sanduku lako ndilo linalotushika barabarani." Ungepungukiwa nini? Ungeng'oka jino? Zamani ulinionyesha mezani, kwa uzi na vijiko viwili, kwamba lifti haipandi kwa nguvu ya mota peke yake, kuna uzito unaoshuka upande wa pili ndio unaoisaidia. Uzi na vijiko uliona vinanifaa. Kuniambia kwamba uzito wenyewe ni mimi na kinu changu, hapana.

Mwanao akaja akachuchumaa karibu yangu. "Mama, nikwambie kitu?"

"Sema."

"Baba angekwambia kwamba tela linaweza kupinduka, ungepanda?"

Nikafikiri. "Nisingepanda hata siku moja."

"Basi."

"Basi nini! Usinibasie mimi." Lakini nilijua. Uliona ni afadhali ugombezwe kila safari kuliko niogope safari moja. Hilo ni pendo, sikatai. Ila ni pendo la kumtia mtu kichaa.

Tulifika kambini jua limeshakuwa la mwisho mwisho. Mlinzi wa kambi, yule mwenye baiskeli, alikuwa amefunga kamba kuzunguka ile nafasi yetu ya karibu na maji, na matofali yako ya kusawazishia ameyapanga pembeni. "Watu watatu wameiomba leo," akasema. "Nimewaambia ni ya Mzee Pimamaji." Akatusaidia kusukuma kabari chini ya matairi, akaondoka bila kupiga kengele ya baiskeli yake.

Mwanao hajui pimamaji. Aliiweka, akaiangalia akiwa amesimama, akasema, "Si mbaya." Siku ile nilikaanga mayai yakakimbilia upande mmoja wa sufuria. Nililala miguu juu kichwa chini, kama popo.

Asubuhi tukaingia mtoni. Mwanao akanivalisha koti la kuelea, akanikaza kamba zake kifuani kama mtoto anayepelekwa shule. Nilikaa mbele, kama ulivyoandika, yeye nyuma. Nilikuwa na darubini yako shingoni. Tulikwenda mpaka kwenye ile kona ya mto ulipokuwa ukiwavizia. Mti ulioanguka haupo. Mafuriko yameuchukua, na shimo, na ukingo wenyewe umemeguka kama mkate. Tulikaa hapo mpaka makalio yakafa ganzi. Korongo mmoja alikuwa amesimama mguu mmoja, bata walipita, mdiria akapiga mbizi akatoka na kisamaki kidogo, rangi yake ya buluu inakatiza macho. Fisi maji, hakuna. Tukarudi jioni, hakuna. Siku ya pili, hakuna, na mvua.

Mlinzi akapita na mwavuli kutujulia hali. "Wale wa mwaka jana wameshakua, Bibi. Lakini mama yao amezaa tena, nyayo nimeziona kwenye tope. Wapo. Hawapendi tu kuitwa."

"Na mimi sipendi kuchezewa," nikamwambia.

Mvua ikatufungia ndani. Mwanao akalala kitandani kwako, miguu inatokeza nje ya kitanda, mimi nikafungua daftari lako toka mwanzo. Sikuwahi kulisoma. Nilifikiri limejaa fisi maji. Ukurasa wa kwanza: "Hakuna. Turudi." Wa pili: "Hakuna. Turudi." Nikafunua, nikafunua. Nikahesabu kwa kidole. Safari arobaini na moja za kwenye kona ile. Uliwaona mara tisa.

Mara tisa, baba watoto! Nikamwamsha mwanao. "Hebu tazama mambo ya baba yako. Miaka yote hii naamka gizani namchemshia chai mtu anayekwenda kuangalia maji!"

Akasoma. Akacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye kabati. "Mama, na ukimuuliza alikuwa anasemaje?"

"Mto ulikuwa mzuri sana."

"Hakudanganya."

"Asinidanganye wala asininyamazie. Aseme hakuna!"

Niliendelea kusoma kwa sababu ya hasira. Ndipo nikakuta ukurasa mmoja wa katikati, mwandiko wako wa kusimama wima: "Hakuna. Chai ya mke wangu bado ya moto nilipofika konani. Nimeinywa nikitazama maji. Turudi."

Nikalifunga daftari. Mvua ilikuwa inapiga bati la tela. Mwanao alijifanya anatafuta chumvi.

Siku ya mwisho ilikuwa haina upepo. Safari hii chai niliichemsha na nikaibeba mimi mwenyewe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na makasia yetu yalikuwa yanasikika kuliko kawaida, nikamwambia mwanao atie polepole. Tulipofika konani tukaacha kupiga kasia. Nikamimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Nilikuwa ninachungulia ukingo wa mbele, pale tope lilipo.

Nikasikia kitu nyuma, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Mara moja. Halafu mara nyingi.

"Mama," mwanao akanong'ona. "Mama. Nyuma yetu kidogo, mkono wa kushoto. Geuka taratibu."

Mzee wangu, shingo yangu ilikuwa imeshaanza kugeuka. Darubini nimeshaishika. Mwaka mzima nimeusubiri mgeuko huo, na barabara karibu itutoe roho kwa ajili yake. Na hapo hapo nikamsikia bintiyo: ukishawaona, tunauza. Nikaiona Jumatatu. Nikaliona geti limefunguka na mtu nisiyemjua anavuta mapazia yangu, na sanduku limewekwa mahali pa akili.

Nikairudisha shingo mbele.

"Wangapi?" nikanong'ona.

"Wanne. Mkubwa mmoja, wadogo watatu. Mama, geuka, watapiga mbizi!"

"Wanafanya nini?"

"Wanakula. Mama yao ana samaki, mmoja anamnyang'anya... ah, mwingine amempanda mwenzake kichwani, amemzamisha! Mama, wako hapa hapa, wanatutazama. Kwa nini hugeuki?"

Nilikuwa nasikia mifupa ya samaki inavyovunjika. Nilisikia na vile vifilimbi vyao vyembamba, kama vya watoto wanaoita mama kutoka chumba kingine. Nilitazama mbele, kwenye ukungu, nikiwa na chai yako mkononi. Ilikuwa bado ya moto. Kisha maji yakanyamaza.

"Wamekwenda," akasema mwanao. Alikuwa amekasirika, haki yake. "Siku nne, Mama! Tumekoswakoswa na lori, nimefunga saluni, wewe unakunywa chai! Kwa nini hukugeuka?"

"Dada yako alisemaje?"

Nikamsikia anavyofikiri. Halafu kayaki ikaanza kutikisika, nikadhani tunapinduka, kumbe ni yeye anacheka.

Kwenye daftari lako nimeandika mstari mmoja. Mwandiko wangu si mzuri kama wako. "Sikuwaona. Turudi."

Bintiyo alikuwa anatusubiri jikoni. "Mmewaona?"

"Mdogo wako amewaona," nikasema. "Mimi sijawaona."

Akamtazama mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anaangalia dari. Hakuweza kujizuia, akamwaga yote.

"Mama, hiyo ni hila!"

"Wewe ndiye unayewaambia watu kila siku wafuate maelekezo kama yalivyoandikwa. Ulisema nikishawaona. Je, nimewaona?"

Alitoka nje, nikajua nimemkasirisha, na nikaona vibaya, maana kosa lake ni kunipenda tu. Nilichungulia dirishani. Alifungua ile ndoano ya mlango, akaingia ndani ya tela, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na simu iko mkononi. Alikuwa ameshamwambia yule mnunuzi asije. Akaniuliza kama vile tunaendelea na mazungumzo ya siku nyingi:

"Sanduku linakaa nyuma ya mstari au juu yake?"

"Juu yake," nikamwambia. "Na kile kingazi unitengenezee."

Kwa hiyo tela lipo, Fundi. Bado limeziba geti, bado tunapita ubavu ubavu, na mimi bado nina hasira na wewe, nitaendelea nayo polepole, sina haraka. Mwanao anajifunza pimamaji. Amelala kifudifudi pale uani tangu asubuhi, na mimi nimesimama na birika mkononi.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, bintiyo mfamasia na mumewe, mwanao kinyozi, wajukuu zako watano, akiwemo yule mdogo wao anayelala na darubini yako, mafundi wenzako wa lifti, jirani yetu fundi cherehani, mlinzi wa kambi, na dereva mmoja wa lori la saruji ambaye hukuwahi kumwona, lakini aliuelewa mstari wako kabla yangu.

Haitapita siku bila jina lako kutajwa nyumbani humu, mzee wangu. Turudi.